Udongo Uliohamia kwa Bi Mdogo

Kijiji kizima cha Mtawanya kililijua shamba la Mwajabu binti Kheri hata kabla ya kumjua mwenyewe. Ukipita njia ya juu ukaona mikorosho imesimama kwenye ardhi tupu, nyekundu, iliyofagiwa mpaka ikaonyesha mistari ya ufagio wa chelewa, bila jani, bila kijiti, bila hata ganda la korosho, basi umefika kwake. Wako watu wakifagia uwanja wa nyumba huona wamemaliza. Mwajabu alifagia uwanja, akafagia njia ya chooni, akateremka na mteremko wake wote akifagia chini ya mikorosho ishirini na sita, kisha akazoa taka zile akazipiga kiberiti. Moshi wake ukipanda, majirani walijua saa moja na nusu imefika na watoto wamechelewa shule.

Tabia hiyo hakuiokota huku juu. Alikuja nayo kutoka bondeni.

Alizaliwa upande wa Ndundu, kwenye bonde la Rufiji, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamishiwa vijiji vya juu lakini bado wanateremka kila msimu kwenda kulima. Familia ilihamia shambani na sufuria zake, ikakaa kwenye dungu, kibanda cha miguu mirefu ambacho juu yake watoto walishinda wakipiga makelele ya kufukuza ndege. Mafuriko kwao yalikuwa mgeni wa kila mwaka, na kama mgeni yeyote, yalikuwa na miaka ya adabu na miaka ya ukorofi. Yakiwa na adabu, maji yalipanda taratibu, yakakaa, yakaondoka. Nyuma yake yaliacha kambare kwenye madimbwi, na juu ya shamba yaliacha udongo mpya mweusi, laini, unaonukia. Hapo ndipo wanawake walipofuata maji yanavyopungua wakipanda mazao ya mlau, yaani mahindi na kunde na maboga, kwenye unyevu ule ule, bila kungoja mvua. Mwajabu mpaka leo akisikia harufu ya tope la mto kwenye samaki aliyeletwa sokoni, husimama kidogo kabla ya kuuliza bei.

Huko bondeni taka ilikuwa adui. Mabua ya mwaka jana yakibaki shambani yalifuga panya, na maji yakija yaliyasomba yote mahali pamoja yakaziba. Kwa hiyo mama yake, Bi Shamsia, alichoma na kufagia mpaka shamba likawa kama mkeka uliotandikwa.

"Mto ukija ukute pasafi," alikuwa akimwambia mwanawe.

Na mto ulikuja, ukakuta pasafi, ukaweka udongo. Mtoto wa miaka tisa akiona jambo hilo mwaka baada ya mwaka kwa macho yake, utamwambia nini tena?

Huseni alikuwa fundi seremala wa Mtawanya. Aliteremka bondeni kutengeneza milango ya madrasa, kazi ya siku nne, akakaa siku kumi na saba. Milango ilipokwisha alikuwa amekwisha kupeleka posa. Akampandisha Mwajabu mpaka kwenye mteremko aliopewa na ami yake, Mzee Abdala, msitu mtupu, wakaufyeka wawili. Yeye shoka, mke panga. Usiku, hawa hapa, mikono imechubuka, wanacheka. Mwaka wa kwanza mlima ulizaa kama bonde. Muhogo mkubwa kama paja, mbaazi za kugawa. Mwajabu akasema moyoni, kumbe udongo ni udongo tu, akashika ufagio.

Huseni aliipenda ile kazi ya mkewe ya kufagia. Akija mgeni, hata wa kuja kuagiza kitanda, alimzungusha kwanza shambani. "Tazama mwenyewe. Ukiangusha sindano hapa utaiona kesho." Mwajabu alijifanya anaona haya, akaingia jikoni kutabasamu.

Mwaka wa kumi na moja Huseni akaoa tena. Hayo yana hadithi yake ndefu, na Mwajabu amekwisha kuisimulia vya kutosha kwa wote waliotaka kuisikia na wengine ambao hawakutaka. Mke wa pili aliitwa Zuhra, Mmatumbi wa milimani kabisa, mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye maneno machache. Huseni akaukata mteremko. Juu, penye nyumba, pakabaki kwa Bi Mkubwa. Chini, mpaka kwenye kijito, pakawa pa Bi Mdogo.

Shamba la Zuhra lilikuwa aibu. Majani ya mkorosho yakianguka, aliyaacha. Akipalilia, magugu aliyalaza pale pale kati ya mistari. Mabua ya mahindi na vijiti vya mbaazi alivipanga kukingama mteremko, mstari juu ya mstari, akapigilia vigingi, shamba zima likawa kama mahali palipovunjwa nyumba. Mwajabu alisimama mpakani, mikono kiunoni.

"Bi Mdogo, hilo shamba au jalala?"

"Jalala, Bi Mkubwa. Ukikosa pa kutupa, leta."

Kijiji kilicheka mwezi mzima. Mwajabu alikuja kulicheka jibu lile baada ya miaka minne, tena akiwa peke yake.

Huseni akafariki. Sasa ni mwaka wa sita. Wanawake wale wawili walikaa eda kila mmoja kwake, hatua mia mbili kati yao, wakipelekeana uji. Tangu hapo ugomvi ulipungua makali ukabaki utani, maana aliyekuwa akigombewa hayupo. Lakini shamba la juu nalo, kama lililokuwa likimngoja mwenyewe aondoke, likaanza kufa. Muhogo ukatoka wa unene wa vidole vitatu. Mbaazi zikachanua zikapukutika. Kila masika udongo mwekundu uliteremka kama chai iliyomwagwa, na mizizi ya mikorosho ikatokeza juu kama mishipa kwenye mikono ya mtu aliyefanya kazi sana. Masika ya mwaka juzi, mkorosho ambao Huseni aliupanda siku alipozaliwa mtoto wao Ismaily ulilala chini wenyewe, bila upepo. Haukuwa na kitu cha kushikilia.

Ismaily alikuja Idd kutoka Mbagala, ambako ni fundi wa majokofu. Akauzunguka ule mti. Neno lake alilitoa walipokwisha kula.

"Mama, huku hapalimiki tena. Njoo Mbagala. Chumba kipo."

Chumba kile Mwajabu alikijua. Alikwenda mara moja, akakaa siku tisa. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Siku ya pili aliamka akafagia ua wa wapangaji saba, na siku ya tatu mpangaji mmoja akamwomba, kwa heshima zote, amfulie na mashuka. Mkwewe alikuwa mtu mwema, akimwambia kila dakika akae apumzike, na Mwajabu kukaa hakujui. Kule angekula na kulala mpaka siku yake ifike, akiwa mgeni.

"Nipe vuli na masika," akamwambia mwanawe. "Masika yakiondoka na shamba, nitakuja. Hutanibembeleza."

"Kweli, mama?"

"Mie nimeshawahi kukwambia neno nikalirudisha?"

Ismaily akakubali. Alijua mama yake ni mkali, lakini si mwongo.

Basi Septemba, Mwajabu akiwa anamtafuta kuku wake, akavuka mpaka. Muhogo wa Zuhra ulikuwa umempita kimo. Akainama. Kwenye mstari wa kwanza wa mabua, ule wa juu kabisa, udongo ulikuwa umejazana nyuma ya taka kama mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, kina cha goti. Akauchimbua kwa mkono. Ulikuwa mwekundu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya mkaa wa moto wake wa kila asubuhi. Akaendelea kuchimbua, akatoa kipande cha sahani ya maua ya bluu, sahani ya arusi yake, iliyovunjika mwaka alioletewa mke mwenza. Haikuvunjika yenyewe, lakini hayo pia yana hadithi yake.

Akasimama. "Bi Mdogo. Udongo huu ni wangu."

Zuhra alikuwa anapalilia hatua chache chini. Hakuinua kichwa. "Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Udongo huu ni wangu."

"Ulikuja wenyewe. Mie sikuuita."

"Sahani yangu hii hapa."

"Sahani chukua."

"Na udongo nachukua."

Zuhra akajiegemeza kwenye jembe, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Chukua. Karai unalo, au nikuazime?"

Angemjibu kwa matusi ingekuwa nafuu. Mwajabu alipanda kwake, akarudi na karai na jembe, akaanza kuubeba udongo wake kurudi nyumbani. Mwanamke wa miaka hamsini na tisa, karai kichwani, anapanda mlima, anamwaga chini ya mkorosho, anashuka. Siku ya kwanza makarai thelathini. Siku ya pili ishirini, maana shingo ilikataa. Twalibu, kijana wa bodaboda, akapunguza mwendo.

"Bi Mwajabu, unajenga?"

"Narudisha mali yangu."

"Ilikopwa?"

"Iliibwa na mvua. Pita."

Siku kumi na moja. Udongo akautandaza kuzunguka ile mizizi iliyokuwa uchi, akaugandamiza kwa miguu, na mwisho, kwa sababu mikono yake haikujua namna nyingine ya kumaliza kazi, akaufagia. Shamba likarudi kuwa zuri kama enzi ya Huseni. Siku ile alikaa barazani akalitazama mpaka chai ikapoa, na ilikuwa kama atamwona mtu anatokea pale chini ya miti na mgeni wake, anamwonyesha.

Mvua ya kwanza ya vuli ilikuja kabla ya alasiri, mwishoni mwa Oktoba. Haikuanza kwa manyunyu. Ilipiga. Matone mazito, na kila tone lilipotua kwenye ule udongo uliofagiwa liliurusha, mpaka chini ya mikorosho pakawa kama panachemka. Halafu maji yakaanza kutafuta njia. Mwanzo vijifereji vya unene wa kidole, vikakutana, vikawa vya unene wa mkono, na vyote vyekundu. Mwajabu alitoka na jembe akazuia huku, yakapita kule. Akaziba kule, yakapita kati ya miguu yake. Ndani ya nusu saa siku kumi na moja zilikuwa zimeondoka mbele ya macho yake.

Akayafuata. Hakuwa na akili ya kufanya jingine. Akateremka na maji mpaka mpakani, kanga imemgandia mwilini, na pale akamkuta Zuhra amesimama na gunia kichwani kujikinga, anayatazama maji mekundu yakifika kwenye mstari wake wa kwanza wa mabua, yanapunguza mwendo, yanajikusanya, yanatua. Upande wa chini yalitoka meupe.

"Umerudi," Zuhra akauambia udongo.

Mwajabu akakaa chini, kwenye tope. Alitaka kucheka, lakini kilichotoka hakikuwa kicheko. Zuhra akamwacha kidogo. Halafu akamshika mkono, akampeleka kwake, akampa kanga kavu na chai ya mchaichai.

Walikaa kibarazani mvua ikiendelea. Mwajabu aliposema, sauti ilikuwa yake tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Mwaka ule ule nilioletwa. Ukaniambia Mmatumbi hana la kumfundisha mtu aliyelishwa na mto."

Mwajabu alikumbuka. Alikumbuka hata nguo aliyokuwa amevaa.

"Nikamwambia na marehemu," Zuhra akaendelea. "Nikamwambia, mwambie mwenzangu aache kuchoma majani, mlima si bonde, huku hakuna mto wa kumletea mwingine. Akanikataza. Akasema, mwache. Yule kaacha kwao, kaacha mto wake, kaja kukaa na mie juu ya changarawe. Ule ufagio ndio kitu cha kwao alichobaki nacho."

Mvua ilipiga bati. Mwajabu alikishika kikombe kwa mikono miwili. Miaka yote ile alidhani Huseni anajivunia usafi wake, kumbe anamhurumia. Au vyote viwili. Hakujua ampende zaidi au amfuate kaburini amgombeze.

"Huruma gani hiyo?" akasema mwisho. "Ya kukaa ukitazama mkeo anafagia mali yake inakwenda kwa mwenziwe?"

"Mie nilimuuliza hivyo hivyo. Akaniambia nikapike."

Hapo wakacheka wote wawili, mpaka Zuhra akamwaga chai. Ni kwa sababu walikuwa kama wameisikia sauti ya marehemu. *Kapike, Zuhra.* Ndivyo alivyokuwa akisema kila akishindwa.

Kisha Zuhra akamwonyesha ukingo wa bati. Mahali maji yalipodondoka kwenye ardhi tupu palikuwa pamechimbika shimo kwa shimo, mstari mzima. Lakini kwenye pembe aliyokuwa ametupa kuti chakavu, maji yale yale yalidondoka yakasambaa, na chini ya kuti ardhi ilikuwa nzima.

"Mvua haichukui kwanza," Zuhra akasema. "Inapiga kwanza. Ikishaupiga udongo ukavunjika, kuubeba ni kazi ndogo. Ikipiga taka, imekwisha nguvu. Tena taka ikioza, udongo unashikana, unakunywa maji. Wako haunywi, Bi Mkubwa. Umeufagia mpaka umekuwa sahani."

Mwajabu akamaliza chai yake. Lakini kesho yake moshi haukupanda, na majirani wawili walikuja kuuliza kama yuko mzima.

Kazi ile ilimshinda mwanzoni, wala si kwa uzito. Mkono wake ulikataa. Alikusanya majani ya mkorosho kwenye tenga, akafika katikati ya shamba, na ilipofika wakati wa kuyamwaga akasimama kama mtu anayeambiwa ateme mate msikitini. Miaka hamsini mkono huo umeokota, sasa unaambiwa utupe. Akafumba macho akamwaga. Alipofumbua, mbingu ilikuwa mahali pake.

Baada ya hapo hakuna aliyemshika. Mwajabu akiingia kwenye jambo huingia lote. Alipanga mabua na matawi kukingama mteremko, mstari kila hatua sita, akavipigilia vigingi. Alikata nyasi kabla hazijatoa mbegu. Akabomoa jiko la zamani, makuti yake yakaenda shambani. Akasikia kwamba kwenye mashine za kukoboa mpunga za Bungu, pumba wanazichoma tu, akamtuma Twalibu na bodaboda yake, magunia mawili kila safari, akazitandaza unene wa kiganja, zikapendeza kama zulia. Mvua iliyofuata ilizisomba zote ikampelekea mke mwenza.

Zuhra akapanda juu kumshukuru. "Mwanzo udongo, sasa pumba. Nikusubiri lini na mbuzi?"

"Nyamaza uniambie nilichokosea."

"Pumba nyepesi. Zilaze chini, juu ya pumba weka kitu kizito, makuti au mabua. Na usizikaribishe kwenye shina, mchwa watakuja kukuamkia."

Msimu wa korosho ulimtesa. Korosho zilianguka zikajificha kwenye majani, akawa anazitafuta kwa kupapasa kama mtu aliyeangusha pete. Wakagombana na Zuhra, wakapatana. Majani yangevutwa pembeni chini ya miti siku za kuokota tu, na korosho zikiisha yarudishwe yote, bila kuchomwa hata moja.

Mama Ukasha, jirani wa njia ya kisimani, alishindwa kuvumilia. Alitua ndoo.

"Bi Mwajabu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona shamba limekuwa hivi? Watu wanasema umechoka."

"Limevaa nguo. La kwako naona bado liko uchi. Mwambie babake Ukasha alinunulie japo kanga."

Mama Ukasha akabeba ndoo. Lakini jioni, peke yake, Mwajabu alilitazama shamba lake akaona kweli ni jalala. Hakuna mgeni ambaye Huseni angemleta hapa. Kitu fulani kilichokuwa cha mama yake, na cha mume wake, na cha miaka yake ya kucheka akiwa na mikono iliyochubuka, amekifunika kwa mikono yake mwenyewe, na hakujua kama kitafaa. Mvua za vuli zilikuwa kidogo mwaka ule. Hazikuthibitisha kitu. Masika ndiyo yaliyokuwa na neno.

Yalikuja Aprili, siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza na ya pili alikaa barazani akitazama rangi ya maji. Yalitoka chini ya taka polepole, kama yanayosita, rangi ya chai hafifu. Siku ya tatu, mchana, ikaja ile yenyewe. Mlima ulinguruma. Mstari wa tatu, ule ulioshikilia mteremko juu ya mkorosho mkubwa kuliko yote, ukafumuka katikati, upana wa mlango, na maji mekundu yakaingia hapo yakikimbia.

Mwajabu alitoka mbio. Akavuta mabua ya pembeni, hayakutosha. Majani yalikwisha, makuti ya jiko yalikwisha kulazwa shambani siku nyingi. Akageuka huku na huku. Kilichobaki chenye makuti nyumbani pale kilikuwa ua wa bafu. Akaung'oa. Upande wa kwanza wote, pamoja na miti yake, akauburuta mteremkoni ukampiga miguu. Alipofika, Zuhra alikuwa ameshapanda, anapigilia vigingi kwa jiwe.

"Huo si ua wa bafu?"

"Shika huko."

"Utaoga wapi?"

"Nitaoga na kanga. Shika huko, Zuhra."

Wakaulaza kukingama, wakaukalia. Hakukuwa na njia nyingine ya kuuzuia mpaka vigingi viingie. Wajane wawili, wamekaa juu ya ua wa bafu katikati ya mvua, maji yanawapiga mgongoni, mmoja anapigilia kulia na mwingine kushoto. Maji yakapanda mpaka kiunoni mwao nyuma ya makuti. Yakasimama. Yakaanza kupita kwa chini, kidogo kidogo. Zuhra alinyoosha mkono akayakinga kwa kiganja, akamwonyesha. Rangi ilikuwa hafifu, hayakubeba udongo. Baada ya muda Mwajabu akaanza kutetemeka kwa baridi, na Zuhra akamsogelea wakagusana mabega.

Ismaily alikuja mwanzoni mwa Juni, kama walivyoagana. Alikuja na Kirikuu, gari dogo la mizigo la rafiki yake Dadi, nyuma kuna kamba na turubai la kufunikia vyombo. Alikuwa amevaa viatu vyeupe. Aliliona shamba kwa mbali, halijafagiwa wala kuchomwa, akadhani limekwisha kumshinda mwenyewe, akamwambia Dadi azime gari, akajiandaa kumfariji mama yake.

Hakumkuta barazani. Alimkuta chini ya mikorosho, amechuchumaa, anachuma kunde. Kunde zilikuwa zimetambaa juu ya taka zilizooza, zimefunika mteremko mzima, na kati yake muhogo mchanga umesimama wima, majani mapana. Ismaily akainama akautafuta mzizi wa mkorosho uliokuwa wazi mwaka jana. Hakuuona. Akaparua kwa kidole akaukuta chini, umefunikwa, na udongo wake ukamgandia kwenye kucha, mweusi.

"Nani kakulimia?" akauliza.

"Mke mwenzangu kanitukana, mie nikalima."

"Nimekuja na gari, mama."

"Nimeliona. Ni la kushinda nalo au linarudi sasa hivi?"

"La kushinda nalo."

"Vizuri." Mwajabu akasimama, akajinyoosha mgongo kwa mikono miwili. "Nendeni Bungu. Kwenye mashine za mpunga waambieni mnataka pumba, wajaze mpaka juu, na turubai hilo mfunike zisimwagike njiani. Mkienda sasa mnaweza kurudi mara tatu."

"Mama, mie nimekuja kukuchukua."

"Tuliagana shamba likiondoka. Limeondoka?"

Ismaily akatazama mteremko, akamtazama mama yake, akamtazama Dadi, ambaye alijitia kuangalia tairi. Zuhra alikuwa anapanda kutoka chini, jembe begani, uso umemkunjamana.

"Shikamoo, mama mdogo," Ismaily akasema, kwa tumaini la kupata msaada.

"Marahaba. Mwambie mama yako tangu masika haya haniletei kitu. Mstari wangu wa juu umekaa mtupu, hata karai moja halijateremka."

"Lima chako," Mwajabu akasema.

"Nitalima. Kwani hizo pumba ni zako peke yako? Safari mbili zako, moja yangu."

"Moja yako utakuja kuishusha mwenyewe."

"Ismaily atashusha. Ni mwanangu pia."

Ismaily akakaa kwenye ukingo wa baraza, akaanza kufungua kamba za viatu vyake vyeupe.